Eskale ndefu na korespondansi za mbio: maswali ya wasafiri wa Lubumbashi

Mimi nakata tiketi za watu hapa Lubumbashi. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa dirishani, kwenye WhatsApp na hata baada ya misa, mengine kila wiki. Nimeyapanga kuanzia yale ya mwanzo hadi yale magumu. Jibu likiwa tayari limetolewa kwenye swali jingine, nimetaja namba yake.

## Mambo ya kwanza

1. Eskale ni nini hasa, na inatofautianaje na kutua njiani tu?

Msafiri wa Lubumbashi anayekwenda Ulaya, Dubai, Guangzhou au Kanada karibu kila mara hubadilisha ndege njiani: Addis Ababa, Nairobi, Johannesburg, au Kinshasa kwanza. Unashuka kwenye ndege ya kwanza, unangoja, unapanda ya pili. Huko kungoja ndiko tunakoita eskale, na ile ndege ya pili ndiyo korespondansi yako. Kwa safari za kimataifa, ukingoja chini ya saa 24 unahesabiwa kuwa bado uko njiani. Ukizidisha hapo, umesimamisha safari, na bei ya tiketi inaweza kubadilika.

Kuna pia ndege inayotua mji mwingine kushusha na kupakia watu, kisha inaendelea na namba ileile. Hapo usifuate wanaoshuka. Kaa kitini, uliza mhudumu, umwonyeshe tiketi yako. Nimeshapokea simu ya mtu aliyeshuka nchi ambayo hakuwa na shughuli nayo kwa sababu aliona jirani yake anachukua mkoba.

2. Kwa nini kila mara unauliza kama tiketi ni moja au ni mbili?

Kwa sababu hapo ndipo eskale yako inapoamuliwa, siku ya kulipa, kabla hujafika hata Luano, uwanja wetu wa ndege. Tiketi moja ina maana safari yote, kutoka Lubumbashi hadi mwisho, imo kwenye rezavesheni moja. Ndege ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, kukufikisha ni kazi ya shirika. Valizi nayo kwa kawaida inapita moja kwa moja. Tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali ni mikataba miwili isiyojuana. Shirika la pili halijali ya kwanza ilichelewa kwa nini. Linaona tu kwamba hukuja.

Mdogo wangu aliwahi kukata hivyo ili kuokoa dola 140. Ndege ya kwanza ilichelewa saa mbili. Alifika kaunta ya shirika la pili dakika 50 kabla ya kuruka, na kaunta ilikuwa imefungwa kwenye dakika 60. Aliiona ndege kupitia kioo, ngazi bado iko mlangoni, lakini yule binti wa kaunta alitikisa kichwa tu. Alinunua tiketi nyingine papo hapo, mara tatu ya ile aliyokosa. Tangu siku hiyo siuzi tiketi mbili bila kumwambia mtu uso kwa uso anajiingiza kwenye nini.

3. Nitajuaje tiketi yangu ni moja?

Tazama karatasi. Kuna namba ya rezavesheni, herufi na tarakimu sita. Ikiwa namba hiyo moja inaonyesha vipande vyote vya safari, kutoka FBM, yaani Lubumbashi, hadi mwisho, ni moja. Ukipewa karatasi mbili zenye namba mbili, muulize aliyekuuzia. Akijibu «hakuna shida, ni kitu kimoja», mwombe akuonyeshe safari nzima kwenye tovuti ya shirika ukiwa bado umeketi mbele yake, hujalipa.

4. Saa ngapi zinatosha kubadilisha ndege?

Kila uwanja una muda wa chini ambao mashirika hayaruhusiwi kuuza tiketi moja chini yake. Lakini muda huo ni wa siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa. Kipimo changu: tiketi moja, uwanja mmoja, bila kupita uhamiaji, saa mbili hadi tatu ni raha. Saa moja na nusu inawezekana kwa mtu mzima mwenye miguu na mkoba mmoja. Ukilazimika kupita uhamiaji na kuchukua valizi, usikubali chini ya saa tatu. Tiketi mbili: saa sita, na ikiwa ndege ya pili ndiyo ya mwisho siku hiyo, lala hapo, uruke kesho yake.

Msipende korespondansi fupi kwa sababu «nitafika mapema». Ikikatika, mara nyingi ndege inayofuata ni ya kesho.

5. Saa za kwenye tiketi ni za wapi?

Kila saa iliyoandikwa ni ya mji ambao ndege ipo wakati huo. Lubumbashi iko nyuma ya Addis Ababa na Nairobi kwa saa moja, nyuma ya Dubai kwa saa mbili, sawa na Johannesburg, na mbele ya Kinshasa kwa saa moja ingawa ni nchi moja. Kuhesabu eskale ni rahisi: saa ya kuruka toa saa ya kufika, zote za mji uleule.

Hatari iko kwenye simu. Simu isiyo na mtandao inabaki na saa ya Lubumbashi. Umekaa Addis, simu inasoma 22:00, unajiambia bado saa nzima. Kumbe kule ni 23:00 na mlango unafungwa. Ukishuka tu, tazama saa ya ukutani na urekebishe simu kwa mkono.

Jambo la pili ni tarehe. Ndege ya tarehe 15 saa 00:30, yaani saa sita na nusu usiku, unaiendea uwanjani jioni ya tarehe 14. Kila mwaka kuna mtu anayekuja siku moja baadaye amevaa vizuri, na familia nzima imemsindikiza.

Na ukiwa Addis, jihadhari na saa za kusikia. Waethiopia huhesabu saa kuanzia macheo, kama Kiswahili cha pwani: saa mbili yao ya asubuhi ni 08:00. Dereva wa hoteli akikuambia saa ya kukuchukua, mwombe aiandike kwa tarakimu kama ilivyo kwenye tiketi.

## Viza na karatasi

6. Sitatoka nje ya uwanja. Kweli bado nahitaji viza?

Kwa pasipoti ya Kongo, mara nyingi ndiyo. Swali hili ndilo linalowaumiza watu kuliko yote, maana linajibiwa kaunta ya Luano wakati valizi zimeshapimwa.

Nchi za Schengen (Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani na wenzao) zina orodha ya pamoja ya mataifa ambayo raia wake wanahitaji viza ya kupita uwanjani, aina A, hata wakibaki ndani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo. Wanaosamehewa ni pamoja na mwenye viza halali ya Schengen, au viza halali ya Kanada, Marekani au Japani. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye viza ya Kanada anayebadilisha ndege Brussels anapita. Mfanyabiashara asiye na viza hata moja kati ya hizo hapiti Brussels bila viza A.

Uingereza nayo inadai viza ya kupita uwanjani kwa Wakongomani, na ina orodha yake ya wanaosamehewa.

Marekani haina eneo la kupitia tu. Kila mtu anapita uhamiaji kana kwamba anaingia nchini, na asiye na viza nyingine ya Marekani anahitaji viza ya kupita, C-1. Kanada ina viza ya kupita isiyolipiwa ada, lakini lazima iombwe mapema.

Usiniamini mimi peke yangu wala jirani aliyesafiri mwaka jana. Sheria hizi hubadilika; uliza ubalozi na shirika la ndege kabla ya kulipa.

7. Nabadilisha ndege mara mbili Ulaya, Paris halafu Roma. Viza A inatosha?

Haitoshi. Kutoka Paris hadi Roma ni safari ya ndani ya Schengen, kwa hiyo Paris unapita uhamiaji na kuingia. Unahitaji viza ya kuingia, aina C. Tafuta njia yenye kituo kimoja tu Ulaya, au isiyopita huko kabisa.

8. Kadi ya manjano wataiuliza kwenye eskale?

Wataiuliza, na mara nyingine kabla ya pasipoti. Tunatoka nchi yenye homa ya manjano. Tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi hiyo inafaa maisha yote, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka 10, lakini chanjo inaanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano. Ukichanjwa Jumatatu ili uruke Ijumaa, kadi yako bado haijaiva.

Afrika Kusini inaidai hata kwa mtu ambaye hakuishi nchi yenye ugonjwa bali alikaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi hiyo. Eskale ndefu basi inaweza kukutengenezea sharti ambalo eskale fupi haina. Iweke pamoja na pasipoti. Kadi iliyo ndani ya valizi iliyokwisha kupakiwa haikusaidii.

## Mizigo

9. Valizi yangu itafika mwisho, au niichukue njiani?

Jibu liko kwenye ile karatasi wanayoifunga kwenye mpini. Kabla haijaondoka kwenye mkanda wa Luano, inama uisome. Herufi tatu kubwa kabisa ndizo mji ambao valizi itatolewa. Unakwenda Dubai: lazima uone DXB. Ukiona ADD peke yake, valizi inashuka Addis na wewe unaendelea bila hiyo. Sema hapo hapo, bado ipo mbele yako. Wengine wanashtuka kuona CAN wakidhani inapelekwa Kanada. CAN ni Guangzhou. Kipande kidogo wanachokupa kina herufi hizo na namba. Kibandike nyuma ya pasipoti na ukipige picha.

Kuna njia ambazo valizi huichukui tu kwa kutaka, ni lazima: Marekani kwenye uwanja wa kwanza unaotua, hata tiketi ikiwa moja, Kinshasa ukitoka kwenye ndege ya ndani yenye tiketi yake (swali la 20), na popote penye tiketi mbili.

10. Nikibeba nini mkononi eskale haitanisumbua?

Mizigo ya mkononi hukaguliwa tena kwenye eskale. Kimiminika chochote zaidi ya mililita 100 kinabaki kwenye pipa: mawese, asali, siagi ya karanga, hata ile chupa ya pilipili ya mama. Weka kwenye valizi. Manukato ya dukani uwanjani yabaki kwenye mfuko wake uliofungwa, pamoja na risiti. Nyama na maziwa kutoka kwetu haviingii Umoja wa Ulaya.

Mkononi weka dawa zako zote, chaja, betri ya akiba (hairuhusiwi kwenye valizi), nguo ya ndani ya kubadilisha, na sweta. Johannesburg mwezi wa saba na Addis usiku ni baridi, na sisi tumezoea joto la mwezi wa kumi.

11. Nimefika, valizi haijafika. Nifanye nini?

Usitoke kwenye ukumbi wa mizigo. Nenda dirisha la mizigo iliyopotea, onyesha kile kipande cha swali la 9, wakuandikie ripoti yenye namba. Bila ripoti huna kesi. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, valizi isiyofika kwa siku 21 inahesabiwa imepotea. Iliyofika imeharibika unaidai kwa maandishi ndani ya siku 7. Tunza risiti za nguo na sabuni ulizonunua wakati unangoja.

## Eskale ndefu

12. Shirika litanipa hoteli?

Inategemea shirika, na usisubiri wakuambie. Ethiopian Airlines, kwa mfano, huwapa hoteli abiria wa eskale ya saa 8 hadi 24 ambao hawakuwa na ndege ya mapema zaidi, kwa masharti ya tiketi yao. Maneno muhimu ni «hakuwa na ndege ya mapema zaidi»: ukichagua mwenyewe kungoja saa 14 kwa sababu ilikuwa nafuu, wakati kulikuwa na korespondansi ya saa tatu, unaweza kukataliwa. Waulize siku ya kununua, na jibu liandikwe kwenye rezavesheni.

Hoteli iko nje, kwa hiyo lazima upite uhamiaji. Valizi inabaki uwanjani.

13. Naweza kulala uwanjani salama?

Watu wengi hulala. Tafuta viti karibu na mlango wako wa kuondokea, lakini tazama ubao wa ndege kwanza, maana mlango hubadilishwa. Pitisha mkono kwenye mshipi wa mkoba, pasipoti ikae mwilini na si mfukoni mwa koti ulilojifunika. Mwambie aliye karibu namba ya ndege yako. Weka kengele mbili, baada ya kurekebisha saa (swali la 5).

Intaneti ya bure kwenye viwanja vingine inataka ujumbe wa namba ya siri kwenye simu, na kadi ya simu ya kwetu isiyo na huduma ya nje haiupokei. Piga picha za tiketi, viza na anwani ya unakokwenda ukiwa bado nyumbani.

14. Nikiwa na saa 10, nitoke kuona mji?

Kama una ruhusa ya kuingia, ndiyo, nenda ukale ukaone watu. Toa saa moja na nusu ya kutoka, saa tatu za kurudi, kisha hesabu kilichobaki. Kikiwa chini ya saa nne, baki ndani.

## Korespondansi ya mbio

15. Ndege ya kwanza imechelewa, nimebakiwa na dakika 40.

Mwite mhudumu kabla ya kutua, umwonyeshe tiketi ya pili. Mara nyingi wanawasogeza mbele wenye haraka, au mtu anawangoja mlangoni na karatasi yenye jina la mji. Ukishuka, fuata alama za kubadilisha ndege, si za mizigo wala kutokea. Foleni ya ukaguzi ikiwa ndefu, inua pasi ya kupandia na useme saa yako kwa sauti. Kwetu tunaona haya kupita watu. Huko kuomba ni kawaida. Mlango wa ndege hufungwa dakika 15 au 20 kabla ya kuruka, si wakati wa kuruka.

16. Nimeikosa. Sasa?

Tiketi moja: nenda dawati la korespondansi la shirika, usitoke nje, usinunue chochote. Omba ndege inayofuata, omba chakula, omba mahali pa kulala, omba karatasi inayoeleza kuchelewa. Wakikuwekea ndege ya shirika jingine, uliza pia njia hiyo mpya inapita nchi gani. Inaweza kukupitisha Ulaya bila viza A, na ukakwama mara ya pili (swali la 6).

Tiketi mbili: mweleze yule wa shirika la pili kwa upole. Wakati mwingine wanakuhamisha kwa ada. Hawalazimiki.

17. Kuna fidia ya pesa?

Kwa safari inayoanzia Umoja wa Ulaya, na kwa shirika la Ulaya linalokuleta huko, kanuni 261 ya mwaka 2004 inatoa hadi euro 600 kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500, ukifika mwisho umechelewa saa tatu au zaidi. Kwenye tiketi moja kinachohesabiwa ni saa uliyofika mwisho. Yaani ukitoka Brussels kurudi Lubumbashi kwa tiketi moja, ukakosa korespondansi kwa kosa la shirika, una haki ya kudai. Dhoruba na sababu nyingine zilizo nje ya uwezo wa shirika hazilipwi.

## Hali za pekee

18. Mama yangu anasafiri peke yake, hajui Kiingereza wala kusoma ubao. Nimtumeje?

Omba msaada wa kiti cha magurudumu siku ya kukata tiketi, au walau saa 48 kabla. Haulipiwi. Mama hahitaji kuwa mgonjwa: kutembea mbali kwenye uwanja mkubwa ni kazi kwa mtu wa umri wake. Wahudumu wanampokea mlangoni mwa ndege, wanampitisha kwenye ukaguzi, wanamfikisha mlango wa pili. Akikataa kwa aibu, mwambie kile kiti ndicho kinachomjua njia.

Kisha ninaandika karatasi. Mama mmoja wa komini Kenya, hapa hapa Lubumbashi, aliyekwenda kwa mwanawe Montréal aliibeba ndani ya kipochi cha kitenge kilichoning'inia shingoni. Kwa Kifaransa na Kiingereza, kwa herufi kubwa: jina lake, anatoka wapi, anabadilisha ndege wapi, namba ya ndege ya pili na saa yake, anakunywa dawa gani, namba ya simu ya mwanawe na yangu. Nyuma, kwa Kiswahili, tulimwandikia mambo matatu ambayo mjukuu alimsomea mpaka akayashika: usimpe mtu pasipoti ila mwenye sare, na asirudi nayo nyuma ya mlango usiouona, usibebe mzigo wa mtu, anayekusukuma akikuacha mahali, mwonyeshe kila mwenye sare karatasi hii. Kiti kilimwacha pembeni karibu saa nzima. Aliinua karatasi mara mbili, na mara ya pili kijana wa usafi akamwita mhudumu.

Mpe eskale ya saa tatu au nne. Mwenye kiti hupandishwa kwanza lakini hushuka mwisho.

19. Nina tiketi ya Lubumbashi–Addis–Dubai. Naweza kupandia Addis, au kuruka kipande cha kwanza?

Usijaribu bila kuongea na shirika. Usipopanda kipande cha kwanza, vinavyofuata vyote vinafutwa, hata kurudi. Hili huwapata hasa wanaovuka Kasumbalesa na kuamua kupandia Ndola kwa kuwa wameshafika Zambia kwa biashara. Piga simu tiketi ibadilishwe kabla ndege ya Luano haijaondoka. Na anayekata kabisa safari kutoka Ndola, avuke mpaka siku moja kabla: foleni ya malori ya Kasumbalesa haijui saa ya ndege yako.

20. Ndege yangu ya Ulaya inatoka Kinshasa jioni. Nitoke Lubumbashi asubuhi ileile?

Kwa tiketi mbili, nakuomba usifanye hivyo. Ni zaidi ya kilomita 1,500, na ndege ya ndani ikiahirishwa hakuna barabara ya kukuokoa. Ukifika N'djili, uwanja wa Kinshasa, unachukua valizi, unatoka, unaanza upya: kaunta, Go-Pass (ada ya uwanja) ya safari za kimataifa, DGM (uhamiaji), ukaguzi. Go-Pass ya ndani uliyolipia Luano haikufikishi huko. Uliza kama ya kimataifa imo kwenye bei ya tiketi, la sivyo weka pesa yake pembeni, noti safi zisizochanika. Nenda siku moja kabla, lala kwa ndugu upande wa uwanja kama unaye, na asubuhi urudishe saa ya simu nyuma kwa saa moja.